St Helena inajitawala au inatawaliwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wakianza kuongelea vile visiwa ambavyo Uingereza inavyo mpaka leo. Nimekusanya ya St Helena na wenzake Ascension na Tristan da Cunha, kwa sababu hapo ndo unaona vizuri watu wanavyoweza kuwa na katiba yao, bunge lao na waziri kiongozi wao na bado kauli ya mwisho ikawa kwa watu ambao hawakuwapigia kura. Majibu mengine marefu, mengine mafupi, inategemea uzito wa jambo.

## Mambo ya mwanzo

St Helena iko wapi na ina watu wangapi?

Iko katikati ya bahari ya Atlantiki ya kusini, karibu kilomita 1,900 magharibi ya pwani ya Angola na Namibia. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 122 tu, yaani hata Mafia inaizidi zaidi ya mara tatu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 4,400. Mji mkuu ni Jamestown, umebanwa kwenye bonde jembamba kati ya majabali mawili, na ofisi za serikali ziko kwenye ngome ya zamani pale karibu na bahari wanayoiita the Castle.

Wenyeji wanajiita Saints. Ni mchanganyiko wa Wazungu, watumwa walioletwa toka Madagascar, Afrika na Asia, na vibarua wa Kichina, wote waliletwa au walikuja, maana kisiwa kilikuwa hakina mtu kabisa Wareno walipokiona mwaka 1502. Hili la kutokuwa na wenyeji wa kale likumbuke, lina maana kubwa kwenye swali la uhuru huko chini.

Sasa ni nchi, ni koloni au ni mkoa wa Uingereza?

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo, japo kina kitu cha kila kimoja. Kisheria ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Maeneo ya namna hii yako 14, kuanzia Bermuda yenye watu zaidi ya 60,000 mpaka Pitcairn yenye watu kama hamsini. Zamani yaliitwa makoloni, halafu maeneo tegemezi, jina la sasa limeanza rasmi mwaka 2002.

Tofauti na mkoa ni kwamba St Helena sio sehemu ya Uingereza yenyewe, ina sheria zake, bajeti yake, uhamiaji wake, hata pauni yake ambayo thamani yake ni sawa kabisa na pauni ya London. Tofauti na nchi ni kwamba mamlaka ya juu kabisa ni ya mfalme na bunge la Uingereza, na katiba yenyewe ilitolewa kwa amri ya kifalme London, haikupitishwa na bunge la kisiwa peke yake. Wanashauriwa, wanajadiliana, wanaweza hata kukataa rasimu (na waliwahi kukataa), lakini muhuri unapigwa London.

Uingereza ilikipata vipi?

Kwanza ilikuwa kampuni. East India Company ilipewa hati mwaka 1657 na ikaweka watu mwaka 1659, ili meli zake zinazotoka India na China zipate maji, nyama na mboga njiani. Kwa hiyo kwa miaka karibu 175 kisiwa kilikuwa kituo cha biashara chenye gavana wa kampuni, isipokuwa kipindi kifupi mwaka 1673 Waholanzi walipokiteka wakafukuzwa, na kile kipindi cha Napoleon, 1815 mpaka 1821, ambapo serikali ya London yenyewe ilishika usukani kwa sababu ya mfungwa wake.

Mwaka 1834 kampuni ikakiachia, kikawa koloni la ufalme. Watu wengi hawajui kwamba mabadiliko hayo yaliwaumiza sana wenyeji, matumizi ya serikali yalikatwa, watu wakakosa kazi, familia nyingi zikahamia Cape, kule Afrika Kusini. Kuna kobe anaitwa Jonathan anayeishi kwenye viwanja vya Plantation House, nyumba ya gavana, aliletwa toka Shelisheli mwaka 1882 akiwa tayari mzima na anakadiriwa alizaliwa kama 1832, yaani huyo mnyama umri wake unauzidi utawala wa kifalme pale kisiwani na bado yuko anakula majani.

Ascension na Tristan da Cunha zinaingiaje hapo?

Ascension iliunganishwa na St Helena mwaka 1922 na Tristan mwaka 1938, na kwa miaka mingi ziliitwa vitegemezi vya St Helena. Katiba ya 2009 iliondoa hilo, sasa ni eneo moja lenye sehemu tatu zilizo sawa, gavana mmoja, lakini kila sehemu na baraza lake na sheria zake. St Helena haiwatawali wenzake. Haki za watu wa Ascension ni kisa cha peke yake, nenda swali lake kule mwisho.

## Nani anaamua nini

Gavana ni nani na nani anamchagua?

Anateuliwa na mfalme kwa ushauri wa serikali ya London, hapigiwi kura na mtu yeyote kisiwani. Wengi wanakuwa wanadiplomasia au maofisa wa zamani wa jeshi, wanakaa miaka michache wanaondoka. Mmoja wa karibuni ni Nigel Phillips, aliyeanza 2022 baada ya kuwa gavana wa Falkland, visiwa vingine vya Uingereza.

Kuna mambo amewekewa yeye moja kwa moja: ulinzi, mambo ya nje, usalama wa ndani pamoja na polisi, na utumishi wa umma. Kwa mengine yote anatakiwa afuate ushauri wa baraza la mawaziri, ambalo hata hivyo yeye ndo anakaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

Na waziri kiongozi anafanya kazi gani?

Hiki cheo ni kipya, kimeanza Oktoba 2021, wa kwanza alikuwa Julie Thomas. Wananchi wanachagua wajumbe 12 wa baraza la kutunga sheria kwa miaka minne, kisiwa chote ni jimbo moja, halafu hao 12 wanamchagua mmoja wao awe waziri kiongozi na yeye anateua mawaziri wanne. Ndo hao wanaoshika afya, elimu, hazina, mazingira na kadhalika.

Kabla ya hapo kulikuwa na mfumo wa kamati, kila jambo linazungumzwa na kamati ya wajumbe, na mwananchi akitaka kujua nani amekosea kwenye barabara au hospitali hakuna mtu mmoja wa kumwuliza, maana kamati nzima imeamua na kamati nzima inajibu. Ukisikia watu wanasema mabadiliko ya 2021 ni makubwa, ukubwa wake ni huo, sasa kuna mtu mwenye jina anayewajibika na anayeweza kutolewa kwa kura za wenzake. Nafikiri ni hatua nzuri kuliko zote tangu kisiwa kipate katiba ya kisasa, japo imekuja imechelewa sana.

Wananchi wenyewe waliutaka huo mfumo?

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mwaka 2005 waliletewa rasimu ya katiba yenye mawaziri, wakaikataa kwa kura. Mwaka 2013 wakaulizwa kama wanataka mjumbe mkuu mmoja wa kuongoza wenzake, wakakataa tena kwa wingi. Mwaka 2021 wakaulizwa mara ya tatu, waliopiga kura wakakubali, lakini waliojitokeza walikuwa wachache mno.

Wengine wanasema hiyo inaonyesha Saints hawapendi kujitawala. Mimi sikubaliani. Sehemu ya watu elfu nne kila mtu anamjua mwenzake, waziri ni shemeji yako, mkaguzi ni jirani yako, kwa hiyo hofu ya kumpa mtu mmoja madaraka makubwa ni hofu ya kweli, na gavana wa kutoka nje kwa wengi anaonekana angalau hana ndugu wa kumpendelea. Halafu kuna wanaouliza kuna faida gani ya kubadilisha vyeo kama hela na kauli ya mwisho vinabaki kulekule, na swali lao halijajibiwa vizuri mpaka leo.

Kuna vyama vya siasa?

Kwa sasa hamna vyama. Kila mgombea anasimama kwa jina lake. Maana yake serikali haina wingi wa uhakika bungeni, waziri kiongozi anabidi awashawishi wajumbe mmoja mmoja.

Baraza likisema hivi na gavana akasema vile, inakuwaje?

Kawaida gavana anafuata. Katiba ya 2009 imeanza kwa kutaja misingi ambayo uhusiano na London umejengwa juu yake, kama uaminifu, utawala wa sheria, usimamizi mzuri wa fedha na kutimiza wajibu wa kimataifa, na gavana akiona ushauri wa mawaziri unakwenda kinyume na mambo kama hayo anaweza asiufuate, lakini sio kimyakimya, London lazima ijue.

Halafu muswada hauwi sheria mpaka upate kibali chake, na hata ukishapata London inaweza kuufuta. Juu ya yote bunge la Uingereza linaweza kutunga sheria ya moja kwa moja kwa ajili ya maeneo haya. Mfano sio wa St Helena lakini unaeleza: mwaka 1991 London ilifuta adhabu ya kifo kwa makosa ya mauaji kwenye maeneo yake ya Karibi kwa amri tu, baada ya mabaraza ya huko kugoma kuifuta yenyewe. Unaweza ukaunga mkono matokeo (mimi naunga mkono) na bado ukaona jinsi nguvu zilivyogawanywa.

Mahakama ya mwisho iko wapi?

London. Kesi inaanza kwa mahakimu, inapanda mahakama kuu ya kisiwa, halafu mahakama ya rufaa, na mwisho kabisa ni Privy Council, ileile ambayo rufaa za huku kwetu zilikuwa zinapelekwa wakati wa mkoloni. Sheria zinazotumika ni za kisiwa chenyewe, na pale ambapo hamna, sheria za Kiingereza zinaazimwa kadiri zinavyofaa mazingira. Tangu 2009 kuna pia sura ya haki za binadamu kwenye katiba ambayo mtu anaweza kuipeleka mahakamani.

Wana mbunge London?

Hawana. Ndo shida yenyewe: bunge linaloweza kuwatungia sheria hawana hata kiti kimoja ndani yake. Ufaransa inafanya tofauti, maeneo yake ya ng'ambo yanatuma wabunge Paris.

Ukilinganisha na historia yetu, wako hatua gani?

Swali zuri na jibu lake linasaidia kuliko maelezo ya vitabuni. Tanganyika ilipata serikali ya madaraka Septemba 1960, Nyerere akawa waziri kiongozi huku gavana Turnbull akiwa bado yupo, ikaja serikali kamili ya ndani Mei 1961 na uhuru Desemba 1961. Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963 na uhuru tarehe 12 Desemba mwaka uleule, na Zanzibar madaraka Juni, uhuru Desemba. Kwa hiyo kwetu madaraka ilikuwa hatua ya miezi, watu walishajua wanaelekea wapi na tarehe inakaribia.

St Helena iko kwenye hatua inayofanana na ile ya 1960, mawaziri wa kuchaguliwa, gavana ameshika polisi na mambo ya nje. Tofauti ni kwamba wao hawajaweka tarehe ya kitu chochote mbele. Wanakaa humohumo kwenye madaraka kama makazi ya kudumu, na ndo maana kila kipengele kidogo cha katiba kwao kina uzito kuliko kilivyokuwa kwetu, hakuna uhuru unaokuja kesho kurekebisha kilichoandikwa vibaya leo.

## Uraia na pasipoti

Mtu wa St Helena ni raia wa Uingereza?

Ndiyo, kamili, anaweza kuishi na kufanya kazi Uingereza bila visa. Lakini haikuwa hivyo siku zote na hiki ndo kisa kila anayetaka kuelewa maeneo haya anatakiwa akijue.

Wakati wa mfalme Charles wa pili, mwaka 1673, hati ya kifalme iliwahakikishia watu wa St Helena na watoto wao haki zilezile kama wamezaliwa Uingereza. Kwa vizazi na vizazi Saints walijihesabu hivyo. Halafu likaja bunge la London na sheria ya uraia ya 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983, ikawaweka kwenye daraja la raia wa maeneo tegemezi, pasipoti ina picha ya taji juu lakini haikupi haki ya kuingia na kukaa Uingereza. Wasiwasi mkubwa wa wanasiasa wa London wakati huo ulikuwa Hong Kong, mamilioni ya watu, na St Helena ikafagiliwa pamoja nao bila mtu kuuliza. Watu wa Falkland walirudishiwa uraia wao mwaka 1983 baada ya vita na Argentina, wa Gibraltar wakapewa njia ya kujiandikisha, Saints wakaachwa. Jamani, watu wenye uaminifu kwa ufalme kupita kiasi, kisiwa kizima wanaongea Kiingereza, hawana nchi nyingine yoyote duniani ya kukimbilia, wakaambiwa wapange foleni kama wageni.

Hawakukaa kimya. Kanisa la Anglikana kisiwani lilianzisha tume ya uraia mwaka 1992, ikachimba ile hati ya 1673 na kuipeleka mbele ya wabunge na wajumbe wa baraza la mabwana (House of Lords) London mwaka baada ya mwaka. Mwishowe ikapita sheria ya maeneo ya ng'ambo ya 2002 na uraia ukarudi tarehe 21 Mei 2002, siku ambayo kisiwa kilikuwa kinaadhimisha miaka 500 tangu kionekane na Wareno.

Cha kujifunza kisheria ni hiki, haki iliondolewa kwa kura za bunge ambalo hawamo na ikarudishwa kwa kura za bunge hilohilo. Hakuna kitu kwenye katiba ya kisiwa kingeweza kuzuia la kwanza.

Baada ya hapo walihama wote?

Sio wote lakini wengi sana. Kisiwa kilikuwa na watu karibu elfu tano mwaka 1998, kufika 2008 walikuwa elfu nne na kidogo, na walioondoka ni wale wenye nguvu za kufanya kazi. Wengine wako Falkland na Ascension kwa mikataba, wanatuma hela nyumbani. Shule inabaki na watoto wachache na wazee wanaongezeka, hilo nalo linabana serikali kuliko kipengele chochote cha katiba.

Na Mwingereza anaweza kuhamia St Helena anavyotaka?

Hapana, njia haiko wazi pande zote mbili. Kisiwa kina sheria yake ya uhamiaji na kitu kinaitwa hadhi ya mwana St Helena, usipokuwa nayo huwezi kugombea ujumbe wa baraza. Hata mtu wa London anahitaji kibali. Wengine wanaona ni ubaguzi, lakini kisiwa cha watu elfu nne kikifunguliwa kabisa ndani ya miaka kumi wenyeji wanaweza kuwa wachache kwao.

## Hela

Nani analipia serikali ya kisiwa?

Kodi za ndani na ushuru zinalipa sehemu, kiasi kikubwa kinatoka London, miaka ya karibuni karibu pauni milioni 30 kwa mwaka. Kila mwaka kuna mazungumzo ya bajeti na maofisa wa Uingereza, wanapitia mshahara wa walimu, dawa, mafuta ya umeme, nani apunguzwe nini kiongezwe.

Kwa hiyo ukitaka kujua ukomo wa madaraka ya waziri kiongozi usiangalie katiba peke yake, angalia kile kikao cha bajeti. Katiba inampa elimu na afya, lakini fungu la elimu na afya linajadiliwa na mtu aliyekuja na mkoba wake. Bermuda na Cayman zinajitegemea kifedha, na gavana wa huko anaongea na mawaziri kwa sauti tofauti kabisa.

Ule uwanja wa ndege uliosemwa sana ni wa nani?

Uingereza iligharamia pauni milioni 285. Ulitakiwa ufunguliwe 2016, ndege za majaribio zikagundua upepo unabadilika ghafla pale mwisho wa njia, kwa hiyo ndege ya kwanza ya abiria ya ratiba imetua tarehe 14 Oktoba 2017 ikitokea Johannesburg. Kabla ya hapo ilikuwa meli tu, RMS St Helena, siku tano kutoka Cape Town, ukiugua vibaya unaisubiri hiyo.

Lengo lilikuwa utalii ulete hela kisiwa kipunguze kuomba. Utalii umekuja lakini polepole, na mpaka sasa msaada haujapungua.

Brexit iliwahusu?

Iliwahusu bila kuulizwa. Kati ya maeneo yote ya ng'ambo ni Gibraltar peke yake ilipiga kura ile ya 2016 ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. St Helena ilikuwa inapata misaada ya maendeleo ya Umoja wa Ulaya, ndo iliyosaidia kuleta waya wa intaneti wa chini ya bahari uliofika kisiwani 2021, na dirisha hilo limefungwa.

## Uhuru na Umoja wa Mataifa

Mbona hawadai uhuru?

Kwa sababu wengi hawautaki, na sababu zao ni za maana. Mkoloni wetu alikuta watu, ardhi na falme, akavichukua, kwa hiyo uhuru ulikuwa kurudishiwa mali. St Helena hakukuwa na mtu wa kunyang'anywa, jamii yenyewe imezaliwa ndani ya utawala huo. Pili ni hela, tumeshaona. Tatu pasipoti, baada ya kuipigania miaka 20 nani ataiachia?

Sehemu nyingine wamejibu hivyohivyo. Bermuda, ambayo ni tajiri, ilipiga kura 1995 na karibu robo tatu wakakataa uhuru. Falkland mwaka 2013 asilimia 99.8 walichagua kubaki, waliokataa walikuwa watu watatu. Lakini kutotaka uhuru sio sawa na kuridhika na mambo yalivyo, na watu wa London wanapenda sana kuchanganya hivyo viwili.

Umoja wa Mataifa unasemaje?

St Helena iko kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala tangu 1946, orodha ileile ambayo Kenya, Uganda na Zanzibar ziliwahi kuwemo zikatoka. Leo yamebaki 17 na 10 kati yake ni ya Uingereza. Kamati inayoshughulikia ukombozi wa makoloni iliongozwa miaka ya 1972 mpaka 1980 na Salim Ahmed Salim wa kwetu.

London inasema orodha imepitwa na wakati. Umoja wa Mataifa unakubali njia tatu za kutoka: uhuru, kushirikiana na nchi nyingine kwa hiari huku unajitawala, au kuwa sehemu yake kwa usawa kamili. St Helena hakuna hata moja imefuata, kwa hiyo bado imo.

Uingereza inaweza kuwanyang'anya serikali yao?

Inaweza, na imeshafanya sehemu nyingine. Turks na Caicos mwaka 2009, baada ya uchunguzi wa rushwa, bunge na baraza la mawaziri vilisimamishwa, gavana akatawala peke yake mpaka uchaguzi wa Novemba 2012. Visiwa vya Virgin vya Uingereza navyo mwaka 2022, tume ilipendekeza hivyohivyo, waziri mkuu wao akakamatwa Miami kwa kesi ya dawa za kulevya, London ikaamua isisimamishe lakini ikaandaa amri ikaiweka tayari. St Helena haijafika huko. Chombo kipo tu.

Mambo ya Chagos yanawagusa?

Yanawagusa kidogo. Chagos ni visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo Uingereza na Mauritius zimekuwa zinagombania, na Diego Garcia ndo kisiwa kikubwa cha huko. Oktoba 2024 London iliomba St Helena ikubali kupokea wahamiaji ambao wangefika Diego Garcia kwa mashua wakati makubaliano na Mauritius yanakamilishwa (mkataba ulisainiwa Mei 2025), serikali ya kisiwa ikakubali kwa kupewa fedha za ziada. Cha kuangalia ni kwamba waliombwa. Wachagosi wenyewe, waliotolewa visiwani kwao kati ya 1968 na 1973, hawakuulizwa chochote, maana hawakuwa na baraza wala mjumbe. Mtu akikuambia baraza la kisiwa kidogo ni mapambo tu, mpe mfano huo.

## Maswali ya pembeni

Ni kweli sultani wa Zanzibar alifungwa huko?

Ni kweli, Sayyid Khalid bin Barghash, yule wa vita vya Agosti 1896 vilivyoisha kabla ya saa moja. Alikimbilia kwa Wajerumani, akakaa Dar es Salaam mpaka Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wakamhamishia Shelisheli na St Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na alifia Mombasa 1927. Kabla yake alishafungwa huko Dinuzulu wa Wazulu na maelfu ya Makaburu. Kisiwa hakikuwa na sauti yoyote kuhusu nani aletwe.

Mifupa iliyokutwa wakati wa kujenga uwanja wa ndege ni ya nani?

Ni ya Waafrika waliotolewa kwenye meli za watumwa na jeshi la majini la Uingereza, kuanzia 1840 mpaka miaka ya 1870. Zaidi ya 25,000 walishushwa St Helena, na wanaokadiriwa kufika 8,000 walifia hapo na kuzikwa bonde la Rupert. Mabaki ya watu 325 yalifukuliwa mwaka 2008 na yakakaa ndani ya maboksi stoo Jamestown mpaka yalipozikwa upya 2022. Miaka 14! Serikali ya kisiwa ilisubiri bajeti, London nayo haikuharakisha, na kila upande ulikuwa na upande mwingine wa kuutazama. Huo ndo ubaya wa madaraka yaliyogawanywa nusunusu.

Eti kuna ardhi ya Ufaransa ndani ya St Helena?

Kuna mali ya Ufaransa, sio ardhi ya Ufaransa. Longwood House alikofia Napoleon na bonde alikozikwa mwanzo vilinunuliwa na serikali ya Ufaransa 1858. Bendera yao inapepea lakini sheria ni za kisiwa, kama mtu mwingine yeyote mwenye kiwanja.

Mtu aliyezaliwa Ascension ana haki ya kuishi Ascension?

Hana, na ndo sehemu inayosikitisha kuliko zote. Hakuna mkazi wa kudumu kisheria, kila mtu yuko kwa mkataba wa kazi au ni familia ya mwenye mkataba. Mtoto akifika miaka 18 bila kazi anaondoka, mstaafu anaondoka, hata kama amekaa hapo miaka arobaini. Baraza la kuchaguliwa lilianza 2002 na watu wakaamini haki ya ukazi inafuata, halafu miaka michache baadaye London ikasema hapana. Baraza lipo mpaka leo lakini ni la kushauri, anayeendesha kisiwa ni msimamizi anayemwakilisha gavana.

Na Tristan?

Kule ni kinyume kabisa. Watu kama 230, ardhi ni ya familia za kisiwa kwa pamoja na mgeni haruhusiwi kununua wala kuhamia. Baraza lina wajumbe 11, wanane wa kuchaguliwa, na lazima angalau mwanamke mmoja awemo. Mwaka 1961 volkano ilipolipuka walihamishiwa Uingereza wote, maofisa wakadhani watabaki huko, wao wakapiga kura wakarudi kwao 1963.